Sikukuu ya Jirani Yako Waijua?

Ndugu msomaji, nakuomba ufanye hesabu ndogo. Wataje majirani zako watano, wa mlango kwa mlango. Kisha taja siku kuu ya kila mmoja wao, ile anayoingojea mwaka mzima na kuwashonea watoto nguo kwa ajili yake. Ikiwa wakaa Mji wa Kale, huenda jibu likawa moja kwa wote watano. Lakini ikiwa wakaa Likoni, Kisauni au Changamwe, hesabu hiyo itakupitisha katika kalenda tatu au nne mbalimbali, na huenda ukakwama njiani.

Huko kukwama ndiko ninakotaka tukuzungumze leo. Siku hizi hatuna uhaba wa siku za utamaduni. Serikali ina zake, Umoja wa Mataifa una zake, na mahoteli nayo yana zake. Kila siku ina jukwaa lake, mgeni wake wa heshima na ngoma zake. Hata hivyo, naona kwamba kadiri siku hizo zinavyozidi, ndivyo tunavyozidi kutojua kinachompa furaha mtu tunayechangia naye ukuta. Na katika mitaa ya ng'ambo, kutojuana si jambo dogo. Tumekwisha kulilipia kwa damu.

KALENDA ZETU

Tuanze na za kwetu. Sisi Waislamu twahesabu kwa mwezi. Mwaka wetu una siku 354 au 355, yaani hupungua kwa siku kama 11 ukilinganishwa na mwaka wa jua, na ndiyo sababu Idi huzunguka misimu yote, kiangazi na masika, katika muda wa miaka kama 33. Wazee wetu wa pwani waliipa miezi majina ya kwao. Baada ya Ramadhani huja Mfungo Mosi, tukala Idi. Mfungo Tatu tukachinja. Mfungo Sita tukasoma Maulidi na kutoka kwa zefe. Hivyo hivyo hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani, na Ramadhani tena. Mtoto aliyefunzwa hesabu hii hahitaji karatasi ya kutundika ukutani.

Pwani ina mwaka mwingine pia, mkongwe sana, nao ni Siku ya Mwaka au Nairuzi. Huo ni mwaka wa jua wenye siku 365, na jina lake limetoka Uajemi. Mabaharia na wakulima waliutumia kuhesabia pepo na mvua. Kule Makunduchi, Unguja, bado husherehekewa kila mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Mombasa nayo ilikuwa na desturi ya kumzungusha ng'ombe mjini kwa dua, kisha akachinjwa watu wakala. Wanazuoni walibishana juu ya mila hiyo, na mimi si mtu wa kuwaamulia. Naitaja ili tukumbuke kwamba hata sisi wenyewe hatukuwa na kalenda moja tu.

Wakristo nao, ingawa wengi wetu hatujui, huitafuta Pasaka kwa mwezi. Ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Diwali ya Wahindi husherehekewa usiku wa kiza cha mwezi, Oktoba au Novemba. Basi jamaa zote hizi hutazama mwezi mmoja ulio juu ya bandari moja, na kila mmoja husoma humo siku yake.

Mara nyingine siku hizo hukutana. Mwaka 2000 Idi ya Mfungo Mosi iliangukia siku chache tu baada ya Krismasi. Mwaka 2015 Maulidi yaliingia katika mkesha wa Krismasi. Na katika miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, Jumapili ya Pasaka ilikuwa ndani ya Ramadhani. Soko la Kongowea likawa linawauzia watu wa aina mbili kwa wakati mmoja: huyu anatafuta tende na mihogo ya futari, yule anatafuta kuku wa sikukuu. Nauliza: katika miaka hiyo mitatu, ni wangapi kati yetu waliosimama kumuuliza jirani mfungo wake wa Kwaresima ukoje, au waliomweleza yeye wa kwetu ukoje?

NG'AMBO YA WATU WENGI

Wapo wasemao kwamba mitaa ya ng'ambo haina utamaduni, kuwa ni makazi tu ya watu waliofuata kazi. Mgeni akija kutazama mila za Mombasa hupelekwa Ngome ya Yesu, akazungushwa Mji wa Kale, kisha akaambiwa ameiona Mombasa. Madai haya hayana msingi.

Jina la Changamwe si la viwanda wala la mafuta. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Thelatha Taifa. Wajomvu, ambao Jomvu Kuu ingali inaitwa kwa jina lao, ni katika Tisa Taifa. Jumla yao ndiyo Thenashara Taifa, Waswahili wenye mji wa Mvita. Na mataifa hayo yalikuwa na maagano yao na Wamijikenda walio nyuma ya mji, katika biashara, katika vita na katika kusuluhisha ugomvi. Kusema kweli, mji huu haukupata kuishi siku hata moja bila ya majirani zake wa ng'ambo.

Likoni na Mtongwe ni kwa Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu wenzetu na wakati huohuo ni Wamijikenda, wenye ngoma ya sengenya na kumbukumbu za kaya. Kule Changamwe, reli, bandari na baadaye kiwanda cha kusafishia mafuta viliwaleta Waluo, Waluhya, Wakamba, Wataita na wengineo, kila watu na kanisa lao na nyimbo zao. Wachongaji wa Kikamba waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1963, na vinyago vyao vimefika nchi nyingi za dunia. Mtoto aliyezaliwa Magongo na wazazi waliotoka Kakamega, akakua akisema Kiswahili cha mtaani, utamwambia wa wapi?

Upande wa Kisauni kuna habari nzito zaidi. Mwaka 1875 misheni ya Kiingereza ya CMS ilianzisha kijiji cha Freretown ili kuwaweka watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wa mbali, na baadhi yao walikuwa wamelelewa India kabla ya kurudishwa Afrika. Kengele yao ingali pale, na mahali penyewe pakaitwa Kengeleni. Kila siku maelfu ya watu hutaja jina hilo kwa utingo wa matatu bila kulifikiria.

Sisi Waislamu wa pwani tunapaswa kulifikiria. Watumwa waliotoroka mashambani walikuwa wakikimbilia vituo vya misheni, na mabwana zao, ambao wengi wao walikuwa watu wa dini yetu, waliwatisha wamishenari kwa silaha. Mwezi wa Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na vituo vingine walipewa vyeti vya uhuru, na mabwana wakalipwa fidia. Mjukuu wa Freretown akisherehekea ukumbusho wa kengele ile, anasherehekea jambo ambalo babu zetu baadhi yao walikuwa upande wa pili wake. Kumjua jirani ni kulijua hilo pia, na kuweza kukaa naye kitako bila ya yeye kutulaumu kwa tusilolifanya, wala sisi kujifanya kwamba halikutokea.

SIKU ZA SERIKALI

Sasa tutazame siku za kutangaziwa. Chukua tarehe 10 Oktoba. Kwa miaka mingi ilikuwa Siku ya Moi. Baada ya Katiba ya 2010 ikaachwa, kisha mwaka 2017 mahakama ikasema ingali sikukuu. Ikaitwa Siku ya Huduma, halafu Siku ya Utamaduni, na mwaka 2024 ikageuzwa kuwa Siku ya Mazingira. Sina neno na mazingira, miti ni kitu kizuri. Lakini ona jinsi siku ya utamaduni ilivyokuja na kuondoka, na mtaani hakuna aliyelia wala aliyecheka. Mfungo Sita haukutangazwa na waziri yeyote, na hakuna waziri awezaye kuuhamisha.

Ziko na siku za kimataifa. Tarehe 21 Februari ni ya lugha za mama; 21 Mei ni ya tamaduni mbalimbali; na 7 Julai, kwa uamuzi wa UNESCO wa Novemba 2021, ni Siku ya Kiswahili Duniani. Shirika hilohilo liliziingiza kaya za Wamijikenda katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwaka 2014 likaitaja isukuti ya Waluhya miongoni mwa mila zinazohitaji kuokolewa upesi. Hizi ni heshima kubwa na sizidharau. Hapo Bombolulu, katika kituo kilichoanza mwaka 1969 kuwapa kazi watu wenye ulemavu, zimejengwa nyumba za kienyeji za makabila mbalimbali ili wageni wazione. Ni kazi njema. Lakini nahofia kwamba mgeni wa Ulaya aliyelipa kiingilio huweza kutoka pale akijua nyumba ya Mluhya inavyojengwa, ilhali mimi niliyekaa na Mluhya miaka kumi sijapata kuuliza.

Sheria yenyewe ya sikukuu yatufunza jambo. Idi ya Mfungo Mosi ni mapumziko kwa Wakenya wote. Idi ya Mfungo Tatu imeandikwa kuwa ya Waislamu, na Diwali kuwa ya Wahindu, isipokuwa waziri akitangaza vingine, kama afanyavyo mara nyingi kwa Idi hiyo. Sheria yaweza kumpa mtu ruhusa ya kulala nyumbani, lakini haiwezi kumfanya aelewe jirani anachinja kwa nini.

KISU CHA JIRANI

Chenye nguvu kuliko majukwaa hayo ni desturi moja ambayo haijaandikwa popote, nayo ni ya ng'ambo hasa. Familia ya Kikristo inayokaa kati ya Waislamu, ikiwa na harusi, matanga au Krismasi, humwita Mwislamu aje awachinjie mbuzi au kuku. Hawamwiti kwa kuwa hawana kisu au hawajui kuchinja. Humwita ili majirani wote waweze kula.

Hebu litafakari jambo hilo. Siku hiyo ni yao, mnyama ni wao na gharama ni yao. Wangeweza kuchinja wenyewe na kula wenyewe bila ya kumkosea mtu. Lakini kabla hata ya moto kuwashwa wamekwisha kutuhesabu sisi miongoni mwa watakaokaa mkekani. Na upande wetu, sahani za pilau za Idi zilizofunikwa kawa zilikuwa zikitoka nyumba kwa nyumba mikononi mwa watoto, bila kuuliza mwenye nyumba anasali wapi. Sahani hairudi tupu. Hurudi na kitu, iwe ni maembe, mahindi au sukari. Huo ndio utamaduni niujuao mimi, na haukuhitaji mgeni wa heshima.

Desturi hii inapungua. Naiona ikipungua. Nyumba za kupanga zimeota juu kwa juu, wapangaji huhama kila mwaka, na viwanja walivyokuwa wakichezea watoto na kusomewa maulidi vimejengwa maduka. Mahali pa kukutana pakikosekana, sikukuu huingia ndani ya kuta na kila mtu akala chake.

GHARAMA YA KUTOJUANA

Na tusidhani kwamba hasara yake ni ya pilau tu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kupora bunduki. Katika siku na majuma yaliyofuata watu wa bara walisakwa majumbani na madukani. Zaidi ya watu 100 walikufa, na maelfu kwa maelfu wakahama. Wengi walijazana katika kanisa Katoliki la Likoni, na vitu vyao vichwani. Msitu wa Kaya Bombo, ambao kwa wazee ulikuwa mahali pa heshima, ukatajwa kuwa ndiko viapo vilikoliwa na vijana walikofunzwa. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998, iliwahoji watu wengi juu ya mambo hayo. Machi 2014, tena Likoni, waumini walipigwa risasi kanisani Jumapili asubuhi wakiwa katika ibada.

Sitaki kurahisisha mambo. Mwaka 1997 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na nyuma ya wavamizi palikuwa na siasa, ardhi na ukosefu wa kazi. Watu wa Likoni wenyewe walipata mateso mengi katika msako uliofuata. Lakini mwanasiasa anayetaka kuwagombanisha watu huhitaji kwanza mtaa ambao wakaazi wake hawajuani. Hapo ndipo huweza kuichukua kaya, iliyokuwa ya dua, akaifanya ya kiapo. Na akalichukua neno "utamaduni wetu" akalifanya panga. Ni vigumu zaidi kumtia mtu chuki juu ya nyumba ambayo mwanawe ameingia na sahani mara kumi.

MPAKA UKO WAPI?

Najua kuna vijana wetu watakaoniambia kwamba haya ni kuchanganya dini. Hoja yao nisingependa kuipuuza, kwa sababu asili yake ni hofu ya Mungu. Ni kweli kuwa ibada ina mpaka. Mwislamu hasali sala ya kanisani, wala Mkristo hatakiwi kutia nia ya saumu yetu. Hukumu za kindani nawaachia wanazuoni, nao tunao.

Lakini baina ya ibada na ujirani pana uwanja mpana. Suratul Hujurat, katika aya yake ya 13, yatueleza kwamba kufanywa kwetu mataifa na makabila kuna lengo, nalo ni tupate kujuana. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, alihusiwa sana juu ya jirani, hata akadhani jirani atapewa fungu la urithi. Kumuuliza mtu siku yake ina maana gani, kumpa pole akifiwa, kupokea chakula alichokutayarishia kwa kuihifadhi dini yako, sioni katika haya litakalompunguzia mtu imani. Yule aliyekuita umchinjie ameiheshimu dini yako kuliko wengi wanaoitetea kwa makelele.

TUFANYEJE?

Nisiseme maneno matupu, nitapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya kaunti.

Kwanza, walimu wa madrasa na wa shule za mitaa yetu wawaandikishe watoto kalenda ya mtaa: siku za Waislamu, za Wakristo wa makanisa yote, za Wahindi na za mila za makabila yaliyopo, na mbele ya kila siku sentensi mbili za kueleza maana yake. Mtoto aende mwenyewe kwa jirani kuuliza. Huko kwenda ndiko faida.

Pili, vipaza sauti. Tunaposoma maulidi usiku kucha, na wao wanapokesha kwa maombi, ugomvi mwingi huanzia hapo. Mwenye shughuli awatangulie majirani kwa habari siku tatu kabla, awaambie itaanza saa ngapi na kwisha saa ngapi, na spika azielekeze kwa watu wake. Adabu hii ni ndogo, lakini hukata maneno mengi.

Tatu, viwanja. Kila uwanja wazi uliobaki Likoni, Kisauni na Changamwe tuutetee pamoja, Mwislamu kwa sala yake ya Idi, Mkristo kwa mkutano wake, na Mluhya kwa isukuti yake. Mnyakuzi wa ardhi haulizi dini ya uwanja, nasi tusimwachie nafasi kwa kuutetea kila mtu peke yake.

Nne, tarehe 7 Julai tuifanye yetu. Mwaka 2024 sherehe za Jumuiya ya Afrika Mashariki za Siku ya Kiswahili zililetwa Mombasa, na hotuba zikatolewa. Hotuba ni za wakubwa. Sisi wa mitaani tuna sababu bora zaidi, kwa kuwa Kiswahili ndicho kitu pekee ambacho Mdigo wa Mtongwe, mjukuu wa Freretown, mchongaji wa Magongo na Mswahili wa Jomvu Kuu wanacho wote kwa pamoja, na hakuna awezaye kumnyima mwenziwe. Siku hiyo wazee wakae barazani, kila mmoja asimulie kwa Kiswahili siku kuu ya kwao, na vijana wasikilize.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Nami naongeza kwamba asiyeijua mila ya jirani yake ni mgeni katika mtaa wake mwenyewe, hata akiwa na hati ya nyumba. Mwezi utakapoandama tena, Mfungo Mosi ukiingia, pakua sahani moja zaidi, uifunike kawa, umpe mtoto aipeleke mlango wa pili. Na akirudi, muulize amejifunza nini huko.